Uwezo wa Kusimamisha: Kufungwa kwa Michezo ya Maji na Masharti ya Kuiendesha katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua sababu zinazofanya michezo ya maji, hususan mitelezo na vyelezo vya burudani, ifungwe kwa muda au moja kwa moja. Aidha, yanachunguza masharti ambayo mchezo wa aina hiyo ungepaswa kutimiza iwapo ungejengwa katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Uchambuzi umejengwa juu ya matukio yaliyochunguzwa hadharani nchini Australia na Marekani, sheria za Tanzania, pamoja na hesabu rahisi za maji na nishati. Hoja kuu ni kwamba kufunga si kushindwa kwa mchezo. Ni kiungo cha mchezo wenyewe, kama breki ilivyo kiungo cha gari. Makala yanaonesha kwamba katika wilaya hizi siku za wateja wengi huangukia katika miezi ya maji machache, na kwamba mchezo usiopangiwa tangu awali namna ya kusimama, pamoja na mtu wa kuusimamisha, haufai kufunguliwa.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kyerwa ilizaliwa mwaka 2012 kutokana na kugawanywa kwa Wilaya ya Karagwe. Miaka saba baadaye, mwaka 2019, mapori ya akiba yaliyokuwa katika ukanda huo yalipandishwa hadhi na kuwa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato. Tangu hapo mjadala wa maendeleo katika wilaya hizi umekuwa na sura mpya. Mbali na kahawa, ndizi na maharage, sasa watu huzungumzia hoteli, kambi za wageni na sehemu za burudani kwa wenyeji. Katika mazungumzo hayo, bwawa la kuogelea lenye mtelezo wa maji hutajwa kama kivutio cha watoto na familia, kwa mfano wa mitelezo ya Kunduchi jijini Dar es Salaam, ambayo wengi wameiona au wameisikia.

Maji kama mahali pa faraja si jambo geni katika eneo hili. Chemchemi za maji moto za Mtagata, Kyerwa, zilikuwa zikitembelewa na waliotafuta nafuu ya maradhi hata kabla ya utawala wa kikoloni. Henry Morton Stanley alizitembelea mwaka 1876, alipokuwa mgeni wa Mukama Rumanyika wa Karagwe. Tofauti iliyopo ni kwamba anayeoga katika chemchemi huyafuata maji yalipo, ilhali mtelezo huyachukua maji, huyapandisha juu kwa pampu na kumteremsha mtu pamoja nayo kwa kasi. Katika hali ya kwanza maji hujiendesha yenyewe. Katika hali ya pili yanaendeshwa, na kila kinachoendeshwa hufika siku kikahitaji kusimamishwa.

Makala haya hayapingi burudani hiyo. Yanauliza swali ambalo aghalabu huachwa nyuma wakati michoro inapoandaliwa: mchezo huu utafungwa lini, utafungwa na nani, na nani atabeba hasara ya kuufunga?

2.0 Maana na aina za kufungwa

Katika makala haya, kufungwa kwa mchezo wa maji kuna maana ya hali yoyote ambayo mchezo uliokuwa tayari kupokea watu unazuiwa kuwapokea. Kwa maana hiyo pana, aina tano zinaweza kubainishwa.

Aina ya kwanza ni kusimamisha kwa muda mfupi, labda dakika chache, kwa sababu mtu hajaondoka mahali pa kutua au maji yamepungua katika mkondo. Aina ya pili ni kufunga kwa hali ya hewa. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi, na kanuni inayofuatwa katika mabwawa mengi duniani ni kuwatoa watu majini mara ngurumo inaposikika, kisha kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aina ya tatu ni kufunga kwa matengenezo na usafi, ambako huweza kuchukua siku nzima au wiki. Aina ya nne ni kufunga kwa amri ya mamlaka. Aina ya tano ni kufunga moja kwa moja.

Aina hizi hupokelewa kwa hisia tofauti. Umma hutambua zaidi ile ya tano, kwa kuwa hutangazwa, na mara nyingi hutanguliwa na msiba au hasara. Hata hivyo, matukio yatakayojadiliwa katika sehemu ya nne yanaonesha kwamba aina ya tano mara nyingi ni matokeo ya kupuuzwa kwa aina ya kwanza. Mchezo uliokataa kusimama kwa dakika kumi huishia kusimama milele. Wahenga walikwisha kulisema kwa ufupi: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

3.0 Namna mtelezo wa maji unavyofanya kazi

Ili kuelewa sababu za kufungwa, ni vyema kwanza kueleza namna mchezo wenyewe unavyofanya kazi. Mtelezo wa maji una sehemu nne: bwawa la chini au tangi la kukusanyia maji, pampu, mkondo wa kuteremkia, na mahali pa kutua. Pampu huyavuta maji kutoka chini na kuyamwaga kileleni. Maji hayo hufanya kazi mbili. Hupunguza msuguano kati ya mwili na mkondo ili mtu ateleze, na hubeba joto na uchafu kuelekea kwenye chujio.

Kasi ya mtu hutokana na kimo. Kama hakungekuwa na msuguano wowote, mtu aliyeanzia kimo cha mita 6 angefika chini akiwa na kasi ya takribani mita 11 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 39 kwa saa. Msuguano huipunguza kasi hiyo, lakini kiasi cha kupungua hutegemea unene wa tabaka la maji. Tabaka likiwa nene, mtu huenda kasi. Likiwa jembamba, hupunguza mwendo au hukwama katikati. Hapo ndipo hatari ya kwanza inapojitokeza. Mtu aliyekwama haonekani na anayesubiri kileleni, hasa katika mtelezo wenye kona au paa, na anayemfuata humkuta njiani akiwa hana namna ya kujizuia.

Kwa sababu hiyo, usalama wa mtelezo hauko katika mkondo pekee. Uko katika mawasiliano kati ya watu wawili: anayeruhusu kileleni na anayepokea chini. Kanuni ya msingi ni kwamba hakuna mtu anayeachiwa kabla ya aliyetangulia kuonekana ameondoka mahali pa kutua. Kanuni hiyo ni rahisi kuitamka na ni ngumu kuitunza pale foleni inapokuwa ndefu, watoto wanapopiga kelele na mmiliki anapohesabu tiketi.

Nishati inayohitajika nayo huweza kukadiriwa. Mtelezo mmoja unaotumia lita 60 za maji kwa sekunde, zinazopandishwa mita 8 kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 65, unahitaji kilowati 7 hivi bila kuhesabu upotevu wa mabomba. Kiasi hicho si kikubwa kwa kiwanda, lakini ni lazima kipatikane bila kukatika wala kulegea kwa muda wote ambao kuna mtu ndani ya mkondo.

4.0 Mafunzo kutoka matukio mawili

Tukio la kwanza lilitokea tarehe 25 Oktoba 2016 katika bustani ya Dreamworld, jimbo la Queensland, Australia. Mchezo ulioitwa Thunder River Rapids, uliofunguliwa mwaka 1986, ulibeba watu katika vyelezo vya duara vilivyoelea katika mto bandia. Mwishoni mwa safari, mkanda wa kusafirishia ulivipandisha vyelezo kuelekea mahali pa kushukia. Kina cha maji kilitunzwa na pampu mbili kubwa. Siku hiyo pampu moja ilizima, kina kikashuka, na chelezo kitupu kikakwama juu ya reli zilizo karibu na mwisho wa mkanda. Mkanda uliendelea kuzunguka, ukaleta chelezo chenye watu sita, vikagongana. Watu wanne walifariki.

Uchunguzi wa vifo hivyo, ambao ripoti yake ilitolewa Februari 2020, ulibainisha mambo yanayogusa moja kwa moja hoja ya makala haya. Pampu hiyo ilikuwa imekwisha kuzima mara mbili siku hiyo hiyo, na kila mara mchezo uliwashwa tena. Hapakuwa na kitambuzi cha kusimamisha mkanda chenyewe maji yanaposhuka. Wahudumu walikadiria kina kwa kuangalia alama ya uchafu iliyobaki ukutani. Mwaka huo wa 2020 kampuni iliyomiliki bustani ilitozwa faini ya dola milioni 3.6 za Australia. Mchezo haukufunguliwa tena.

Tukio la pili ni la Kansas City, Marekani. Mtelezo ulioitwa Verrückt ulifunguliwa mwaka 2014 ukiwa na kimo cha takribani mita 51, na ulitangazwa kuwa mrefu kuliko yote duniani. Chelezo kilibeba watu watatu, na uzito wao wa jumla ulikuwa sharti la uendeshaji, kwani baada ya mteremko wa kwanza kulikuwa na kilima cha pili ambacho chelezo kilipaswa kukipanda bila kuruka. Tarehe 7 Agosti 2016 chelezo kiliruka kilimani hapo na mtoto wa miaka 10 akafariki. Mtelezo ulifungwa, kisha ukabomolewa mwaka 2018. Jimbo la Kansas, ambako sehemu kubwa ya ukaguzi ilikuwa imeachwa mikononi mwa wamiliki, lilibadili sheria yake mwaka 2017 na kutaka wakaguzi wenye sifa.

Matukio haya mawili yanatofautiana kwa chanzo. La Queensland lilihusu mtambo mkongwe uliokosa kinga. La Kansas lilihusu muundo mpya uliotafuta sifa ya kimo. Yanafanana, hata hivyo, kwa jambo moja. Katika yote mawili, mchezo uliweza kuendelea ilhali sharti mojawapo la usalama wake halijatimia au haliwezi kuthibitishwa. Katika yote mawili pia, nchi zenye viwanda, mafundi wengi na mahakama zenye nguvu zilisubiri msiba ndipo zikaze kanuni. Wilaya inayoanza leo ina nafasi ya kujifunza bila kulipa gharama hiyo.

5.0 Mazingira ya Karagwe na Kyerwa

5.1 Msimu wa watu na msimu wa maji

Mvua za Kagera huja mara mbili kwa mwaka: za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Septemba na Desemba. Kiangazi kikuu ni Juni hadi Agosti. Kipindi hicho hicho ndicho cha mavuno ya kahawa, ambapo fedha huingia vijijini, na ndicho kinachobeba likizo ya shule ya katikati ya mwaka. Kwa maneno mengine, familia huwa na fedha, watoto huwa na nafasi, jua huwa kali, na visima huwa vimeshuka. Mjasiriamali atakayepanga mradi wake kwa wastani wa mwaka atajidanganya, kwa sababu mtelezo hauendeshwi kwa wastani. Unaendeshwa siku kwa siku, na siku zake bora za mauzo ni siku zake mbaya za maji.

Kiasi kinachohitajika kinaweza kuelezwa kwa kipimo ambacho kila kaya inakifahamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu mabwawa ya kuogelea unataja lita 30 za maji mapya kwa kila mwogaji ili kupunguza uchafu ambao chujio na klorini haviwezi kuuondoa. Wakija watu 400 kwa siku, maji mapya yatakayohitajika ni lita 12,000, sawa na madumu 600 ya lita 20. Bwawa lenye eneo la mita za mraba 250, likipoteza milimita 5 kwa siku kwa njia ya mvuke, litahitaji lita 1,250 zaidi. Hapo hayajahesabiwa maji yanayomwagika nje, yanayotoka na nguo za waogaji, wala ya kuoshea chujio. Kaya inayotumia madumu matano kwa siku ingehitaji siku 120 kuyamaliza hayo madumu 600. Au, kwa kulitazama upande wa pili, kaya 120 zingeyatumia kwa siku moja.

Hesabu hii si ya kiufundi pekee. Makazi mengi ya wilaya hizi yako juu ya miinuko, ilhali maji yako mabondeni. Mji wa Kayanga ni miongoni mwa miji 28 iliyowekwa katika mradi wa maji unaogharimiwa kwa mkopo kutoka India, jambo linaloonesha kwamba mahitaji ya maji ya nyumbani ni suala la muda mrefu hapa. Mtelezo unaomwaga maji mchana kutwa mbele ya mama aliyebeba dumu kichwani utapoteza uhalali wake hata kama hakuna aliyeumia. Kufungwa kwa sababu ya malalamiko ya jirani ni kufungwa halisi, ingawa hakumo katika vitabu vya uhandisi.

5.2 Umeme na mwinuko

Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulitumia umeme ulionunuliwa kutoka Uganda na kupitia kituo cha Kyaka. Miradi ya karibuni kwenye Mto Kagera, yaani Rusumo wenye megawati 80 na Kikagati-Murongo wenye megawati 14, imeongeza vyanzo vya umeme katika ukanda huu. Hata hivyo, wingi wa umeme katika ukanda haumhakikishii mtumiaji wa mwisho wa laini kwamba umeme hautakatika saa tisa alasiri. Kwa mwenye duka, kukatika huko ni usumbufu. Kwa mwenye mtelezo, ni maji yanayotoweka chini ya mtoto aliye katikati ya mkondo.

Kukatika kabisa, kwa kweli, ndiko kunakoonekana upesi. Hatari iliyofichika ni kulegea. Jenereta iliyolemewa huzunguka polepole, na pampu nayo hupunguza mizunguko yake. Mizunguko ikipungua kwa asilimia 10, uwezo wa pampu wa kupandisha maji hupungua kwa karibu asilimia 19. Maji yataendelea kutoka kileleni, lakini kwa tabaka jembamba. Mhudumu asiyekuwa na kipimo atayaona maji na kuridhika. Hali hii ni ndugu wa ile alama ya uchafu ukutani iliyotajwa katika tukio la Queensland: jicho linapewa kazi ambayo ingefanywa na chombo.

Mwinuko nao una athari. Sehemu kubwa ya nyanda za Karagwe iko kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa katika mwinuko wa mita 1,500 ni karibu asilimia 84 ya ile ya pwani. Pampu iliyowekwa juu ya usawa wa maji huvuta kwa msaada wa kanieneo hiyo. Pwani kikomo cha kinadharia cha kuvuta ni mita 10.3 hivi, katika mwinuko huo hushuka hadi mita 8.6, na kwa matumizi halisi huwa chini zaidi. Kwa hiyo pampu iliyofanya kazi vizuri Dar es Salaam, ikihamishiwa Karagwe kwa mpangilio ule ule, huweza kuanza kutoa viputo vya mvuke ndani yake, kutetemeka na kula pangaboi lake. Dawa yake ni rahisi: pampu iwekwe chini ya usawa wa maji. Uamuzi huo, hata hivyo, hufanywa wakati wa kuchimba msingi. Baada ya saruji kukauka, marekebisho yake ni ya gharama kubwa.

5.3 Usafi wa maji

Maji yanayozunguka hubeba kila alichokuja nacho mwogaji. Klorini ya kiasi cha miligramu 1 hadi 3 kwa lita, katika maji yenye pH ya 7.2 hadi 7.8, huua bakteria wengi kwa muda mfupi sana. Lakini vimelea vya kriptosporidia, vinavyosababisha kuhara, huweza kustahimili klorini ya miligramu 1 kwa lita kwa zaidi ya siku 10. Mtoto mmoja mwenye kuhara akichafua bwawa, njia inayopendekezwa ni kuongeza klorini hadi miligramu 20 kwa lita na kuyaacha maji kwa karibu saa 13. Siku hiyo imepotea. Mwendeshaji ambaye hakuiweka siku hiyo katika hesabu zake atashawishika kuchota kilichoonekana na kuendelea.

Wapo wanaodhani kwamba kutumia maji ya asili huondoa tatizo hili. Historia inatahadharisha. Bustani ya maji ya River Country, iliyofunguliwa na Disney huko Florida mwaka 1976, ilitumia maji ya ziwa yaliyochujwa. Mwaka 1980 mtoto wa miaka 11 alifariki kutokana na amiba anayeishi katika maji yenye joto yasiyo na chumvi na kuingia mwilini kupitia pua. Bustani iliendelea hadi mwaka 2001, ilipofungwa na isifunguliwe tena. Katika ukanda wa maziwa makuu, maji yaliyotuama yasiyotiwa dawa huweza pia kuwa na konokono wanaobeba kichocho. Kuhusu Mto Kagera wenyewe, viboko na mamba wanatosha kuwa hoja. Kwa hiyo wazo la kuteremshia mtelezo ndani ya mto, ziwa au chemchemi ya maji moto halistahili kupewa nafasi, hata kama linapunguza gharama za ujenzi.

6.0 Nani mwenye mamlaka ya kufunga?

Sheria za Tanzania hazina upungufu wa vyombo vinavyoweza kuugusa mchezo wa maji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaipa OSHA jukumu la ukaguzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahusu tathmini ya athari kwa mazingira, na inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, ambacho kwa eneo hili huhusu Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka huo huo inampa nafasi afisa afya wa halmashauri.

Kila chombo kati ya hivyo hutazama upande wake: mmoja mfanyakazi, mwingine kingo za mto, mwingine kiasi cha maji, mwingine usafi. Swali la kama chelezo kitaruka, au kama pampu ikilegea mkondo utafungwa wenyewe, linaweza kupita katikati ya vyombo vyote vinne bila kuulizwa. Viwango vya kimataifa vinavyoliuliza vipo. EN 1069 ya Ulaya na ASTM F2376 ya Marekani vinahusu mitelezo ya maji, na ISO 17842 inahusu mitambo ya burudani kwa ujumla. Halmashauri inaweza kuvitaja katika masharti ya leseni bila kusubiri sheria mpya.

Hata hivyo, mkaguzi huja na kuondoka. Mamlaka ya kufunga inayookoa maisha ni ya mtu aliyepo pale, saa ile. Tanzania imelijua hili kwa uchungu. Mkoa wa Kagera unaikumbuka MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na abiria kupita uwezo wake. Siku ya Idi mwezi Oktoba 2008, watoto 20 walifariki kwa msongamano katika ukumbi wa disko mjini Tabora. Meli si mtelezo, na ukumbi si bwawa. Lakini katika yote mawili palikuwa na idadi ambayo haikupaswa kuvukwa, ikavukwa. Idadi iliyoandikwa ukutani haimzuii mtu. Anayezuia ni mtu mwenye ruhusa ya kusema "basi", asiyeogopa kupoteza kibarua kwa kulisema.

Suala hili, kwa mtazamo wa makala haya, ndilo kiini cha tatizo. Kijana aliyewekwa kileleni mwa mtelezo kwa kawaida ndiye mwenye ujira mdogo kuliko wote katika kituo, na ndiye anayetegemewa kufanya uamuzi wenye hasara kubwa kuliko wote. Akisimamisha, wateja humlalamikia na bosi humuuliza. Asiposimamisha, mara tisini na tisa hakuna kinachotokea, na hivyo hujifunza kwamba kutosimamisha ni salama. Mpangilio wa malipo na lawama ukiwa hivyo, mafunzo peke yake hayatoshi.

7.0 Masharti yanayopendekezwa

Kutokana na uchambuzi uliotangulia, makala yanapendekeza kwamba mchezo wa maji katika wilaya hizi usipewe leseni kabla ya kutimiza masharti yafuatayo:

(i) Uwepo na kitambuzi cha mtiririko wa maji kileleni na cha kina cha maji mahali pa kutua, vikiunganishwa na lango la kuanzia ili maji yakipungua lango lijifunge lenyewe.

(ii) Pampu ziwekwe chini ya usawa wa maji, na hesabu zake zifanywe kwa mwinuko wa mahali husika.

(iii) Pawepo tangi la akiba lenye maji mapya ya angalau siku tatu za wateja wengi, lijazwe wakati wa mvua kutoka mapaa na si kutoka mtandao wa maji ya wananchi wakati wa kiangazi. Kwa mfano wa watu 400 kwa siku, tangi hilo litakuwa la lita 40,000 hivi.

(iv) Kila mhudumu awe na mamlaka ya maandishi ya kusimamisha mchezo bila kuomba ruhusa. Kuufungua tena kuwe kwa saini ya mtu mwingine aliyekagua sababu. Pampu ikizima mara ya pili kwa siku moja, mchezo ufungwe hadi kesho yake.

(v) Pawepo daftari moja la zamu linaloandikwa kila saa: klorini, pH, mtiririko, idadi ya waogaji na kila kusimama. Vyombo vyote vinne vya ukaguzi visome daftari hilo hilo.

(vi) Tiketi iuzwe kwa kiingilio cha bustani nzima, si kwa kila mtelezo, na ujira wa wahudumu usitegemee idadi ya tiketi. Kwa njia hiyo kusimamisha mtelezo mmoja hakutakuwa sawa na kurudisha fedha za watu, na familia itakuwa na uwanja, kivuli na chakula wakati wa kusubiri.

Sharti la sita huenda likaonekana dogo kando ya mengine. Ndilo, hata hivyo, linaloyapa mengine nguvu, kwa kuwa hupunguza bei ya kusema "basi". Palipo na bei kubwa ya kusimama, kila kifaa cha usalama hupata mtu wa kukizima.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba masharti haya yatamfukuza mwekezaji mdogo. Ni kweli kwamba yanaongeza gharama za mwanzo. Lakini mwekezaji asiyeweza kumudu kitambuzi na tangi hatamudu pia kesi ya msiba, wala bwawa lililofungwa kiangazi chote kwa kukosa maji. Kwake yeye, bwawa la kawaida lenye kina kifupi, mwokoaji na klorini ya kutosha ni mwanzo wa heshima. Mtelezo unaweza kufuata baadaye, daftari la zamu likiwa limeonesha kwamba kituo kinajua kufunga.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba michezo ya maji hufungwa kwa sababu za hali ya hewa, maji, nishati, usafi, sheria na uhusiano na jamii, na kwamba kufungwa moja kwa moja mara nyingi hutanguliwa na nafasi nyingi za kusimama kwa muda zilizopuuzwa. Kwa Karagwe na Kyerwa, mgongano mahususi ni ule wa kiangazi: fedha ya kahawa na likizo ya watoto hukutana na visima vilivyoshuka. Mradi utakaoweza kufungwa mwezi Julai bila kufilisika ndio mradi unaostahili kufunguliwa mwezi Juni.

Utafiti zaidi unahitajika katika maeneo mawili. La kwanza ni upimaji wa kukatika na kulegea kwa umeme katika miji ya Kayanga, Omurushaka na Nkwenda kwa saa za mchana, ili hesabu za pampu zitegemee takwimu za mahali. La pili ni uhusiano wa kazi kati ya wahudumu na waajiri wao katika mabwawa yaliyopo nchini, hususan namna uamuzi wa kusimamisha unavyopokelewa. Hadi matokeo ya tafiti hizo yapatikane, halmashauri inayopokea ombi la leseni inaweza kuanza na ombi moja kwa mwombaji: aoneshe, mbele ya wakaguzi, jinsi atakavyousimamisha mchezo huo ukiwa umejaa watu, na ataje jina la atakayefanya hivyo.